Kijana wa Wingwi na Jirani Asiye Mwislamu

Mwenyezi Mungu amewajaalia watu wa Wingwi, kaskazini ya Pemba, kukaa mahali ambapo mtu husali safu moja na jirani yake. Lakini kijana aliyekulia humo, akivuka bahari kwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki, hukuta mengine: wa chumba cha pili ni Mkristo, na tajiri wake pengine hana dini ya kitabu. Wazazi huingiwa na hofu: je, dini ya mtoto wetu itasalimika?

Basi na tutazame hali ya wazee wetu wa kale. Al-Masudi wa Baghdad, aliyepita bahari yetu mwaka 304 Hijria (916 Miladia), ameandika habari za kisiwa cha Kanbalu, ambacho wataalamu wengi hukidhani kuwa ni Pemba. Humo, asema, walikaa Waislamu pamoja na Wazanji wasioamini. Ametaja ya kuwa Waislamu hao walikishika kisiwa kwa nguvu. Hatulifichi hilo, lakini nguvu humpa mtu nchi, haimpi nyoyo za watu. Ametaja pia kuwa walikuwa wakisema lugha ya Wazanji. Hapo ndipo pa kuzingatia, kwani asemaye lugha ya jirani yake hakujitenga naye.

Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8 Miladia, nao ulitosha watu wachache tu. Katika Wilaya ya Micheweni, ilimo Wingwi yetu, magofu ya Chwaka nayo yaonyesha mji uliokuwa na misikiti ya mawe. Hayo hayakuwa kwa siku moja. Ni kazi ya vizazi.

Wachache wale hawakupotea kwa kuishi na wasioamini. Nasi tukumbuke kuwa Mtume wetu (S.A.W.) aliitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla hawajamwamini.

Enyi wazazi, mfungieni mtoto safarini mambo matatu: sala kwa wakati wake, mizani ya haki, na ulimi usiotukana dini ya mwenziwe. Suratul Baqara, aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini. Jirani hasomi vitabu vyetu; atusomaye ni sisi wenyewe. Wabillahi taufiki.