Maji ya Dar es Salaam Huanzia Uluguru

Waulize watu wa Dar es Salaam maji yao yanatoka wapi, wengi watakutajia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mimi ni Mluguru wa Mgeta, na jibu langu linaanzia mbali zaidi: Mto Ruvu unazaliwa kwetu mlimani.

Uluguru ni safu ya milima kusini mwa mji wa Morogoro. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka nyanda za Pwani hadi zigonge miteremko ya mashariki. Hapo hewa hupanda, hupoa, mvua ikanyesha: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Kinole na Matombo wana ndizi na viungo tele, nasi wa Mgeta, upande wa magharibi, tunalima kabichi, karoti na njegere.

Anayeitunza mvua hiyo ni msitu. Panda juu ya mashamba siku ya ukungu, utalowa hata kama mvua haijanyesha. Magome ya miti yamefunikwa na uoto laini wa kijani. Ukiuminya kiganjani, maji yanachuruzika. Maji hayo huzama ardhini polepole, yakaja kutoka kwenye chemchemi katikati ya kiangazi.

Wazee wa Pwani walilijua hilo kwa namna yao. Mvua ilipokata, Wazaramo walituma wajumbe na sadaka hadi huku kwetu mlimani, kwenye pango la Kolelo, mzimu unaosimuliwa kuwa joka kubwa, kuomba mvua. Watu wa bondeni waliutambua mlima na kuuheshimu.

Mwaka 2008 msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Hata hivyo, moto wa mashambani bado unapenya, na kuni bado zinahitajika. Amri peke yake haitoshi: mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipotulazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, wazee wetu waligoma na ghasia zikazuka.

Mkulima wa mlimani anahitaji miche, majiko yanayotumia kuni chache na soko la uhakika. Anayekunywa maji ya Ruvu achangie gharama hiyo. Ni haki, wala si hisani.