Foto ikipinda, mpaka wa shamba nao unapinda

Wandugu wanamemba wa koperative za Kasongo na Kabambare, siku hizi foto imekuwa shahidi. Tunamwonyesha agronomu majani ya mihogo kwa simu, na shamba linaweza kupimwa kwa foto za droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Lakini shahidi huyu anaweza kutudanganya.

Juu ya nini? Kioo cha kamera kinapindisha mwangaza kusudi mahali pakubwa paingie katika foto ndogo. Kioo chenye kuona eneo pana mara nyingi kinafanya mistari iliyonyooka ijae tumbo. Katikati ya foto vitu vinakaa karibu sawa, lakini pembeni vinaonekana vidogo kuliko vilivyo.

Tuseme mpaka kati ya shamba lako la mpunga na la jirani una mita 100. Ramani ikiusogeza mita 2 tu, mmoja wenu amepoteza mita 200 za mraba. Hapo kesi inaanza kwa chefu.

Dawa iko: kupima kamera yenyewe kwanza. Wataalamu wanabandika karatasi ya miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa dama, mahali palipo sawa, halafu wanaipiga foto nyingi kutoka pande mbalimbali. Kompyuta inajua kwamba miraba ile imenyooka. Ikiiona imepinda, inahesabu kioo kinapindisha kiasi gani, kisha inanyoosha foto zinazofuata. Njia hii ya ubao, Zhengyou Zhang aliichapisha mwaka 2000, na hata leo inatumika sana.

Basi, kabla ya kutia sahihi kwenye ramani ya droni, tuulize mambo matatu:

1. Kamera ilipimwa?
2. Kuna alama zilizowekwa chini shambani na kupimwa kabla droni kuruka?
3. Mita za ramani zinalingana na kamba tuliyovuta wenyewe, jirani akiwepo?

Jibu moja likikosa, tusitie sahihi kwanza.

Na kwa foto ya jani: liweke katikati, rula karibu nalo, simu iwe sawa juu yake bila kuinama. Hapo agronomu atajua ukubwa wa kweli wa doa, hata kama yeye iko mbali.