Droni ufukweni: Nani anawaangalia watoto?

Mtwara. Likizo ya Desemba ikifika, familia nyingi mkoani hapa huelekea pwani. Wa mjini huvuka kwenda Msangamkuu, wa Ziwani na vijiji vya jirani hushuka kwa baiskeli na bodaboda, na wenye nafasi hufika hadi Msimbati. Watoto huogelea, wakubwa huvua kwa mshipi, vijana hucheza mpira mchangani.

Sasa juu ya michezo hiyo mara nyingine husikika mlio kama wa nyuki. Ni droni, au ndege nyuki kama wengi wanavyoiita, yenye kamera inayochukua video kutoka angani. Ngalawa ikikata maji, au watoto wakikimbizana na wimbi, huonekana kwa namna ambayo simu ya mkononi haiwezi kuwaonyesha.

Kijana wako akikuomba umnunulie, huenda swali lako la kwanza likawa bei. Lipo jingine la kuuliza kabla ya kutoa pesa: droni ikiwa hewani, nani anawaangalia watoto walio majini?

Mrushaji si mlinzi

Anayerusha droni ana kazi mbili za macho. Anaitazama droni ilipo angani, na anatazama kioo kuona kamera inachukua nini. Hapo hana nafasi ya kumhesabu mdogo wake kati ya vichwa kumi vilivyo majini.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu nguvu zote zinakwenda kwenye kutafuta pumzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo familia inayorusha droni ufukweni inahitaji watu wazima wawili. Mmoja yuko na rimoti, au amesimama na kijana anayejifunza. Mwingine yuko karibu na maji, simu ikiwa mfukoni, na hana kazi nyingine. Kama mtu mzima ni mmoja tu, watoto watoke majini kwanza, ndipo droni ipae.

Sheria ya pili mwambie kijana kabla hajaishika rimoti: droni ikianguka baharini, iache. Mwenye droni iliyogharimu akiba ya miezi mingi anaweza kujitosa bila kufikiri, akiwa na nguo na viatu, mahali asipojua mkondo. Mwambie wazi kwamba hutamgombeza kwa droni iliyozama.

Mazoezi yaanzie mbali na maji

Zipo programu za simu na kompyuta zinazoiga urushaji. Kijana azitumie siku kadhaa, kisha aende uwanja wa wazi usio na watu, usio na nyaya za umeme.

Katika rimoti nyingi, kijiti cha kushoto hupandisha, hushusha na kuizungusha droni. Cha kulia huipeleka mbele, nyuma na pembeni. Zoezi la kwanza ni kuipandisha mita mbili tatu na kuituliza hapohapo. La pili ni kuipeleka mbele na kuirudisha. La tatu huwachanganya karibu wote: droni ikikugeukia uso, kulia kwako huwa kushoto kwake. Asiyezoea hilo, akitaka kuiepusha na mtu, anaweza kumwelekezea.

Uwanja ukizoeleka, pwani ina masomo yake. Upepo wa kusi, hasa katikati ya mwaka, unaweza kuisukuma droni ndogo upesi kuelekea baharini. Anza kwa kuipeleka upande upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, betri ikiwa imepungua, upepo uisaidie. Mtengenezaji wa DJI Mini 2, yenye uzito wa chini ya gramu 250, anasema inakaa hewani hadi dakika 31, lakini kipimo hicho ni cha mahali pasipo na upepo. Betri ikibaki theluthi moja, irudishe.

Droni nyingi za kamera hurudi zenyewe zikipoteza mawasiliano na rimoti. Hakikisha umepanga kimo cha kurudia kinachozidi minazi iliyo karibu. Ukirushia kwenye ngalawa, kumbuka kuwa nyingi hurudi pale ziliporukia, na ngalawa itakuwa imeshasogea. Mwanafunzi arushie nchi kavu.

Mapanga na jicho

Mapanga ya droni huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na yanaweza kukata ngozi au kupasua jicho. Mwaka 2015, mjini Stourport-on-Severn nchini Uingereza, mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili alipoteza jicho baada ya droni kugonga mti na kumrukia. Mrushaji alikuwa rafiki wa familia.

Weka vikinga vya mapanga wakati wa mazoezi. Chora duara mchangani ambalo mtoto haruhusiwi kuingia mpaka mapanga yamesimama kabisa. Usiidake droni kwa mkono, na usiipitishe juu ya vichwa vya watu.

Jicho likijeruhiwa, usilisugue, usilikandamize na usichomoe kilichochoma. Usitie maziwa, maji ya majani wala dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Lifunike kwa kitu kigumu kisafi kisichogusa jicho, kwa mfano sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, kisha mkimbize mgonjwa hospitali. Kwa Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo.

Betri nayo isichajiwe usiku watu wamelala. Iliyovimba au iliyoingia maji ya chumvi isitumike tena wala kuchajiwa, kwani inaweza kuwaka. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoshika moto.

Kibali kabla ya kuruka

Droni nchini inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), chini ya kanuni za mwaka 2018. Inatakiwa kusajiliwa na kuwa na kibali, na idhini ya Wizara ya Ulinzi ni sehemu ya utaratibu huo. Kurusha kwa kujifurahisha hakumwondolei mtu wajibu huo. Anza kwa kuuliza TCAA kabla ya kununua, hasa kama mzigo unatoka nje ya nchi.

Kwa Mtwara hili lina uzito wa pekee. Kuna uwanja wa ndege, bandari, mitambo ya gesi ya Madimba na Mnazi Bay, na mpaka wa Msumbiji ng'ambo ya Mto Ruvuma. Msimbati imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hivyo ofisi ya hifadhi nayo iulizwe. Serikali ya kijiji ikijulishwa mapema, wananchi hawatashtuka.

Waliomo kwenye picha pia wana haki. Kina mama wanaookota chaza maji yakitoka, au watoto wa jirani wanaooga, hawakuja ufukweni kupigwa picha. Omba ruhusa kwao, na kwa wazazi wa watoto, kabla ya kurekodi, na tena kabla ya kurusha mtandaoni.

Ukishapata kibali, siku ya kwanza pwani isiwe ya sikukuu. Chagua asubuhi ya siku ya kawaida, kabla upepo haujashika, ufukwe ukiwa mtupu. Siku ya watu wengi ikifika, kubalianeni kwa majina kabla droni haijatolewa kwenye mkoba: nani anarusha, nani yuko majini na watoto.