BUSTANI YA MBOGA HUPIMWA KIANGAZI

Askari hapimwi siku ya gwaride. Hupimwa katika zamu ndefu ya usiku, pasipo mtu wa kumtazama. Bustani ya mboga ni vivyo hivyo. Siku ya kuijenga kila mtu hushika jembe, udongo ni mwororo na kazi huenda kwa nyimbo. Thamani yake hujulikana mwezi wa Julai, mvua imekwisha kukatika, na mama wa nyumba anatafuta cha kutia katika chungu cha maharage. Hilo ndilo tunalotaka kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi, na tumechagua kulitazama kutoka Gashonga.

Gashonga ni mojawapo ya tarafa 18, au mirenge kama wenyeji waitavyo, za Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika nchi iliyokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni. Mwaka wa huko una misimu minne: Umuhindo, mvua za Septemba hadi Desemba, Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, Itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na Impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Anayengoja mvua ya kwanza ya Itumba ndipo atafute mbegu amekwisha kuchelewa. Kazi huanza katika Urugaryi.

Kwa nini tuyatilie mkazo majani machache ya mchicha? Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Rwanda ulionyesha kwamba mwaka 2005 watoto 51 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 44, na mwaka 2019–20 wakawa 33. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini mtoto mmoja katika watatu si idadi ya kufumbiwa macho. Tena udumavu si njaa ya tumbo tupu. Mtoto aweza kushiba ndizi na viazi kila siku, huku mwili wake ukikosa madini ya chuma na vitamini A. Hasara ipatikanayo kabla hajatimiza miaka miwili ni vigumu kuirudisha. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kiangazi cha miezi mitatu bila mboga ni robo nzima ya umri wake.

Ndiyo sababu Serikali ya Rwanda ilihimiza kila kaya iwe na bustani ya jikoni, iitwayo akarima k'igikoni. Umbo lake ni duara lililoinuliwa kwa mawe au miti, upana wa hatua mbili hivi, ili mkono ufike kila mahali bila mguu kukanyaga udongo. Katikati husimamishwa kapu la fito linalotiwa maganda, majani na samadi. Maji yaliyooshea mboga humwagwa humo, nayo hupenya taratibu yakibeba rutuba hadi kwenye mizizi. Kwenye mteremko, mawe hayo huzuia mvua ya Itumba isiuchukue udongo kuupeleka bondeni. Mahali ambapo udongo una tindikali, hapana budi kuchanganya chokaa ya kilimo au majivu kidogo, pamoja na samadi iliyooza vizuri.

Mwezi wa Februari kabichi na vitunguu huoteshwa kitaluni chini ya kivuli. Baada ya wiki nne hadi sita miche huhamishwa. Karoti hupandwa palepale zitakapokomaa. Mchicha, ambao wenyeji huuita dodo, huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Asipandwe wote siku moja. Upandwe kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, na uchumwe majani ya pembeni ili shina liendelee kuchipua. Mei inapoelekea ukingoni, udongo ufunikwe kwa nyasi kavu kabla haujapoteza unyevu. Atakayefanya hayo atachuma Julai kwa maji machache ya jioni.

Askari na polisi wa Rwanda wamewajengea wananchi maskini bustani za namna hii katika kazi zao za kujitolea, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi hushika majembe pamoja na raia katika Umuganda. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini bustani iliyojengwa kwa siku moja na watu hamsini hufa upesi, endapo hakuna aliyefundishwa kuitunza. Kabla ya kuondoka, kikosi na kimwulize mwenye nyumba: Nani atafunika udongo mwezi wa Mei? Mbegu za Septemba zitatoka wapi?

Wapo watakaosema, "Sisi ni watu wa kuhamishwa. Tupande leo, kesho tuvunje kambi?" Neno hilo ni kweli, lakini halimwondolei mtu wajibu. Mchicha hauhitaji zaidi ya mwezi mmoja, na hakuna uhamisho unaomnyima askari mwezi mmoja. Na kabichi asizozila yeye zitaliwa na watoto wa mwenzake ajaye. Askari hukabidhi lindo pamoja na silaha, funguo na daftari la matukio. Aikabidhi na bustani pia: hapa pamepandwa nini, samadi iko wapi, mbegu zimehifadhiwa wapi. Naye akifika kituo kipya, ataomba kukabidhiwa vivyo hivyo.

Ndugu askari, Urugaryi ni mfupi. Jembe linolewe sasa, na kapu la katikati lianze kujazwa leo.