777 Haiponyi Kitu

"Nimeshaweka 777, mbona bado inagoma?"

Swali hili linanijia kwa simu, kwa WhatsApp, kwenye korido baada ya semina, na majuzi hata harusini, sahani ya pilau ikiwa mkononi. Mkasa ni ule ule. Mtu ametengeneza mfumo kwa Laravel, kwenye laptopu yake unakwenda vizuri, ameupandisha kwenye seva ya Linux, na ukurasa wa kwanza umemjibu kwamba faili la storage/logs/laravel.log halifunguki: Permission denied. Akatafuta, akapata dawa ya mstari mmoja, chmod -R 777 storage, akaibandika kwenye terminali. Mfumo ukafunguka, mteja akalipa. Wiki haijaisha mfumo ukalala tena, kosa lile lile, folda ile ile, na 777 yake ipo pale pale.

Nitajibu mara moja kwa wote. Mlichouliza sicho. Namba ya ruhusa inasema mambo gani yanaruhusiwa kwenye faili. Tatizo lenu ni la nani: nani amelitengeneza faili hilo, na nani mwingine anataka kuliandika.

Tukisema MVC, wengi hudhani kazi ya kuunganisha mfumo ni kuunganisha modeli, mwonekano na kidhibiti. Hizo fremuweki imeshakuunganishia. Ulichoachiwa wewe ni vile visivyochorwa kwenye mchoro: Nginx, PHP-FPM, cron inayoamsha kazi za ratiba, mfanyakazi wa foleni anayetuma barua pepe, na wewe mwenyewe unayeingia kwa SSH kuendesha php artisan migrate. Karibu wote hao wanaandika kwenye folda mbili, storage na bootstrap/cache, na kila mmoja anaweza kuwa anaandika kwa jina tofauti.

Kwenye laptopu tofauti hiyo haipo. Unayeandika msimbo ni wewe, php artisan serve inaendeshwa kwa jina lako, foleni ni yako, migrate ni yako. Mtumiaji mmoja hagombani na nafsi yake. Kwenye Ubuntu, PHP-FPM kwa kawaida huendeshwa na www-data. Wewe umeingia kama root kwa kuwa ndilo jina ulilopewa uliponunua seva, na cron umeiandika kwa crontab -e ukiwa root huyo huyo. Tayari una wenye nyumba wawili.

Sasa tazama kinachotokea usiku. Tuseme umechagua logi za kila siku. Tarehe inapobadilika linahitajika faili jipya, na kama hukugusa saa za mfumo, ambazo Laravel huziacha kwenye UTC, tarehe hiyo inabadilika saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wateja wako wamelala. Aliye macho ni cron, inayoamsha schedule:run kila dakika, na kazi ya kwanza yenye neno la kuandika ndiyo inayofungua logi ya leo. Imeendeshwa na root, kwa hiyo faili linazaliwa likiwa mali ya root. Wala halirithi 777 ya folda lilimozaliwa. Linux huanza na 666, hutoa umask, ambayo kwa kawaida ni 022, na kinachobaki ni 644: mmiliki anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma tu.

Andika ls -l storage/logs ujionee. Faili la siku ile uliyojitibu limeandikwa -rwxrwxrwx. La leo limeandikwa -rw-r--r-- na mbele yake root root. Asubuhi mteja wa kwanza anaingia, kitu kidogo kinakwenda kombo, www-data anataka kukiandika kwenye logi, anakataliwa. Kosa dogo ambalo mteja asingelijua limegeuka ukurasa mzima wa kosa 500, kwa sababu tu halikupata pa kuandikwa.

Mtu anarudia 777, mfumo unaamka, hadi usiku mwingine. Wapo walioiweka amri hiyo ndani ya cron ijiendeshe kila dakika, wakajisifu kwamba wameotomatisha. Ni kumpa mgonjwa wa malaria panadol: homa inashuka, vijidudu viko pale pale.

Dawa hii ingekuwa haiponyi tu, ningenyamaza. Lakini inadhuru. Ile 7 ya tatu ni ya kila mtumiaji mwingine kwenye seva, na watu hujifariji kwamba ndani ya storage mna logi na picha tu. Fungua storage/framework/views. Mle mna violezo vyako vya Blade vikiwa vimeshageuzwa kuwa PHP, na ukurasa unapofunguliwa, inayoendeshwa ni nakala hiyo, siyo kiolezo ulichoandika. Laravel hulinganisha saa za mafaili hayo mawili: kiolezo kikiwa kipya kuliko nakala, nakala inatengenezwa upya; kikiwa cha zamani, nakala inatumika kama ilivyo. Mtu akichomeka mstari mmoja ndani ya nakala, saa ya nakala inasogea mbele. Haitatengenezwa upya. Utapekua msimbo wako kwenye Git usiku kucha na hutaona kitu, kwa kuwa nakala hizo hazimo kwenye Git, na mstari ule utaendelea kuendeshwa kwa mamlaka ya www-data hadi siku utakapobadilisha kiolezo au kuendesha view:clear.

Bootstrap/cache ni mbaya zaidi. Ukishaendesha config:cache, mle linakaa faili la config.php lenye nenosiri la hifadhidata na APP_KEY yako, na PHP hulipitia kila ombi linapoingia. Kuipa folda hiyo 777 ni kumwambia yeyote aliye kwenye seva: andika unachotaka, mimi nitakuendeshea kila mtu anapofungua ukurasa. Na hata faili lenyewe likiwa limefungwa, folda ikiwa wazi inatosha, maana mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anaweza kufuta faili la mwenzake na kuweka lake kwa jina lile lile. Ndiyo sababu /tmp, ambayo haina budi kuwa wazi kwa wote, huwekwa 1777. Ile 1 ya mbele inamzuia mtu kufuta kisicho chake. Kwenye dunia ya Unix hilo limejulikana tangu zamani.

Programu nyingine zimeichoka 777 kuliko mimi. SSH ikikuta folda yako ya nyumbani inaandikika na kila mtu, inaukataa ufunguo wako, na wapo waliojifungia nje ya seva zao kwa amri moja. MySQL inaliruka faili la usanidi linaloandikika na wote. Logrotate inagoma kuzungusha logi zilizo kwenye folda ya namna hiyo, na diski inajaa taratibu. Sudo inakataa kufanya kazi /etc/sudoers ikiwa hivyo. SuEXEC ya Apache haiendeshi programu iliyo ndani ya folda inayoandikika na wengine. Unapata 500, na unaongeza 777 nyingine kutibu 500 iliyoletwa na 777.

Halafu kuna makosa ambayo dawa hii haiyagusi kabisa. Kwenye AlmaLinux na Rocky, SELinux ina sheria zake juu ya ruhusa za kawaida. Weka 777 mpaka uchoke, bila kuipa storage lebo ya httpd_sys_rw_content_t hakiandikwi kitu. Tangu Ubuntu 21.04, folda mpya za nyumbani huja na 750, hivyo mradi ulioukalisha ndani ya /home hauwezi hata kufikiwa na www-data, sembuse kuandikwa. Laravel 11, iliyotoka Machi 2024, huanza na SQLite, na SQLite haitosheki na faili lake kuwa wazi: inataka pia kuandika kwenye folda, kwa kuwa huunda faili la muda kando yake. Na kosa la darasa kutopatikana halina uhusiano wowote na ruhusa. Uliandika Usercontroller mahali pamoja na UserController mahali pengine; Windows haikujali, Linux inajali.

Hapa ndipo ninapoambiwa, "Lakini seva ni yangu peke yangu." Si kweli. Kuna watumiaji wa mfumo usiowahi kuwaona, na mara nyingi kuna tovuti ya pili, ya shangazi au ya kanisa, WordPress ambayo haijasasishwa tangu ilipozinduliwa. Njia sahihi ni kila tovuti kuwa na pool yake ya PHP-FPM na mtumiaji wake, ili ya shangazi ikivamiwa ya kwako isiguswe. Ukiweka 777 utengano huo umeufuta kwa mkono wako.

Utetezi wa pili ni kwamba biashara ni ndogo, nani atahangaika nayo. Hakuna anayehangaika, ni roboti. Januari 2024 mashirika ya Marekani, FBI na CISA, yalitoa tahadhari kuhusu Androxgh0st, programu hasidi inayozunguka mtandaoni kutafuta mafaili ya .env ya Laravel yaliyoachwa wazi, ichote nywila za barua pepe na za seva za wingu. Inajaribu pia tundu la PHPUnit la mwaka 2017, ambalo hufikika pale mtu alipoumwaga mradi mzima, pamoja na folda ya vendor, ndani ya public_html. Roboti haikuulizi mauzo yako ya mwezi. Ikishaingia ina mamlaka ya mtumiaji wa PHP tu, na kama mradi wote ni 777, basi inaweza kuandika upya hata vidhibiti vyako na index.php. Ungeziacha folda za msimbo mikononi mwa mtumiaji mwingine, ingeishia kwenye storage na bootstrap/cache.

Sasa tiba, na nitakwenda mbio kwa sababu haina siri.

Jua kwanza PHP inaendeshwa na nani: tazama mstari wa user kwenye faili la pool, kwa Ubuntu liko ndani ya /etc/php, kwenye folda ya toleo lako. Acha kupandisha msimbo kama root; tengeneza mtumiaji wa kawaida, tumwite deploy. Mradi wote uwe chown -R deploy:www-data, folda 755, mafaili 644, na .env iwe 640. Baada ya hapo, kwa storage na bootstrap/cache peke yake, chmod -R ug+rwX. Hiyo X ni kubwa kwa makusudi: inazifanya folda zipitike bila kuyapa mafaili ruhusa ya kuendeshwa.

Kisha uue ugomvi kwenye mzizi wake. Cron ihamie kwa crontab -u www-data -e. Wafanyakazi wa foleni kwenye Supervisor wawekewe user=www-data. Artisan ya mkono iwe sudo -u www-data php artisan, kila mara, hata ukiwa na haraka. Kama kuna sababu ya msingi ya watumiaji wawili kuandika pamoja, weka ACL ya kurithiwa kwa setfacl -d kwenye folda hizo mbili, ili faili jipya lizaliwe likiwa la wote wawili bila kuwa la kila mtu.

Mzizi wa wavuti uelekee folda ya public, siyo folda ya mradi. Seva iwekewe composer install --no-dev ili PHPUnit isifike huko. Kila ukibadili .env endesha config:cache upya, na usiite env() nje ya mafaili ya config, maana baada ya kache hiyo yaliyomo kwenye .env hayasomwi tena, utarudishiwa null. Kwenye hostingi ya pamoja, PHP mara nyingi huendeshwa kwa jina la akaunti yako mwenyewe. 755 na 644 zinatosha, na anayekushauri zaidi ya hapo muulize sababu.

Kama mfumo wako ulikaa na 777 ukiwa hewani, usiishie kurudisha namba. Chukulia kwamba umeguswa. Endesha view:clear, futa mafaili ya PHP yaliyomo kwenye bootstrap/cache yatengenezwe upya, badilisha nenosiri la hifadhidata na la barua pepe, na ubadilishe APP_KEY. Usipoubakiza ufunguo wa zamani, watumiaji watalazimika kuingia upya, wavumilie. Kuanzia Laravel 11 unaweza kuuweka ufunguo huo wa zamani kwenye APP_PREVIOUS_KEYS ili data iliyokuwa imesimbwa kwao iendelee kusomeka. Kwa matoleo ya nyuma, ifungue data hiyo kwanza ndipo ubadili.

Na aliyeandika chmod -R 777 / asihangaike kunyoosha faili moja moja, hatamaliza. Achukue nakala ya hifadhidata na ya mafaili yaliyopakiwa na wateja, aunde seva mpya, apandishe mradi upya kutoka Git, kisha aizime ya zamani. Asiye na mradi wake kwenye Git aanzie hapo, leo, kabla hajagusa amri nyingine yoyote.