Mwezi Mpevu na Ubunifu Kazini

Kila mwezi upevukapo, wavuvi wa dagaa katika mialo ya Mwanza huipumzisha mitumbwi yao. Sababu yake ni ya kisayansi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huvuta wadudu na viumbe vidogo vya majini, nao dagaa hukusanyika hapo. Mbalamwezi ikienea ziwa zima, taa hupoteza mvuto wake.

Siku hizo huhesabiwa kuwa za hasara. Lakini ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kufungua taa. Katika mialo mingi karabai imezipisha taa za betri na za nguvu ya jua, na badiliko hilo limeleta maswali mapya. Taa ya kuvulia sharti ikae juu ya chelezo, istahimili mawimbi, isiingize maji, tena iwake hadi alfajiri. Fundi hujaribu mwaloni pale pale, mvuvi akiwa kando yake. Akikosea, usiku wa kwanza wa giza utamjulisha. Naye hatangoji kibali cha mtu ili arekebishe.

Kiwandani mambo ni magumu zaidi. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, nao Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea ujeuri wa viongozi. Nia ilikuwa njema. Ila mabaraza yalishauri tu, uamuzi ukabaki juu. Mfumaji katika kiwanda cha nguo, kama kilivyokuwa Mwatex mjini Mwanza, hujua mapema uzi unakatikia wapi. Jibu la shauri lake likichelewa miezi, mara ya pili atanyamaza, na nguo zitaendelea kuharibika.

Kampuni ya 3M ya Marekani iliwaruhusu watafiti wake kutumia asilimia 15 ya saa za kazi kwa majaribio waliyojichagulia. Mwaka 1968 Spencer Silver alipata gundi dhaifu isiyo na kazi. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, akaikumbuka alipochoshwa na alama za karatasi zilizokuwa zikidondoka katika kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Vikaratasi vya kubandika vilienea madukani Marekani mwaka 1980, miaka 12 baadaye.

Meneja atauliza gharama. Ipo, wala si ndogo: mtambo mmoja ambao kwa saa chache kila juma hautoi hata mita moja ya kitambaa, na mfumaji aliyeachiwa ufunguo wake.