Kufuatilia Uhamaji Bonde la Kilombero kwa Hifadhidata

Katika hifadhidata ya watu, kuhama huacha mistari miwili: mmoja hufungwa kule mtu anakotoka, mwingine hufunguliwa kule anakofikia. Mfumo wa ufuatiliaji wa idadi ya watu na afya wa Ifakara, ulioanza mwaka 1996 katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, ulijengwa juu ya msingi huo. Baada ya sensa ya mwanzo, wadadisi walizitembelea kaya kila baada ya miezi 4 wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani ameondoka.

Kila mstari wa jedwali la makazi hubeba namba ya mtu, namba ya kaya, tarehe ya kuanza kuishi hapo na tarehe ya kukoma, pamoja na sababu ya kila moja. Ulizo la msingi hupanga mistari ya kila mtu kwa tarehe, kisha hulinganisha kila mstari na unaoutangulia. Tuseme mwanamke ameondoka Lupiro tarehe 3 Juni, na namba yake ikaonekana Namawala tarehe 9 Juni: hapo amehama. Tarehe ya Namawala ikitangulia ile ya Lupiro, mtu mmoja anaishi kaya mbili kwa wakati mmoja, na karatasi hiyo hurudishwa kwa mdadisi. Kosa gumu zaidi ni la mgeni aliyepewa namba mpya ilhali ya zamani ipo. Ulizo la namba halimwoni. Hutafutwa kwa jina, jinsi na mwaka wa kuzaliwa, na mara nyingi jibu hutoka kwa jirani.

Msimu wa mpunga huongeza ugumu. Familia huenda kukaa kwenye vibanda vya mashambani kwa wiki au miezi, na nyumba ya kijijini hubaki imefungwa. Hao hawajahama. Kufuli mlangoni peke yake halitoshi kufunga mstari.

Kwenye vituo vya kompyuta kazi kama hii ni nyepesi. Programu ya VMware inapohamisha yenyewe mashine pepe kutoka seva moja kwenda nyingine ili kusawazisha mzigo, huliandika tukio hilo papo hapo katika jedwali la matukio, likiwa na aina yake tofauti na uhamisho ulioamriwa na fundi. Ulizo huchuja aina hiyo na tarehe, basi. Kilombero, tukio lisipofuatwa kwa miguu halimo.

Uzito wa jambo hili uko kwenye hesabu ya vifo. Vifo 5 katika miaka 100 ya maisha ya watoto ni sawa na 50 kwa kila miaka 1,000. Mistari ya waliohama ikiachwa wazi na kuongeza miaka 25 isiyokuwapo, kiwango hushuka hadi 40, na hakuna mtoto aliyeokolewa. Kwa takwimu za mfumo huu ndipo athari ya vyandarua vilivyotiwa dawa ilipimwa. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo mwaka 2001: vyandarua hivyo viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.